Kutoka Bombay hadi Uru: safari ndefu ya kigeuzi cha sauti

Desemba iliyopita nilipanda Uru kwa mjomba kula sikukuu (mnajua wenyewe Wachaga na Desemba). Nimemwamkia, nimepewa mbege, hata sijamaliza kata ya kwanza akanitolea bahasha ya kaki. Ndani kuna kanda moja ya kaseti.

"Mwanangu, wewe si unasomea mambo ya mawimbi? Hebu nitolee sauti ya babu yako humu."

Sikumwambia kwamba ninachosomea mimi hakina uhusiano wowote na kaseti. Nilipokea. Ni kanda ya dakika 60, lebo imeshafutika, ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya meza ya sebuleni. Ndani yake babu anaongea Kichaga, anawagawia wanawe kihamba. Mjomba anapewa upande wa mfongo, mdogo wake anapewa upande wa pili, na kati yao utapita mstari wa masale, hatua kadhaa kutoka ukingo wa mfongo. Shida yote iko kwenye hiyo "kadhaa". Babu alitaja namba. Ila kwenye kanda namba ile imezama kwenye mngurumo, na ndugu hao wawili wamekuwa wakiisikia kila mmoja kivyake kwa zaidi ya miaka ishirini. Masale yameng'olewa na kupandwa upya mara mbili.

Nilichukua redio kaseti ya mjomba, nikaiunganisha kwa waya na tundu la maikrofoni la laptopu yangu, nikabonyeza kurekodi. Nilichopata ni mngurumo mzito, na juu yake sauti kama ya mbu iliyopanda na kushuka kila niliposogeza kipanya. Babu alikuwa huko ndani mahali fulani. Rafiki yangu mmoja mjini akaniambia nisihangaike, ninunue kigeuzi cha nje tu, mambo yatanyooka. Alikuwa sahihi kwa nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba historia ya kitu chenyewe.

Kwanza tuelewane. Kompyuta inajua namba tu. Sikio linajua msukumo wa hewa tu. Katikati lazima akae mkalimani, na huyo ndiye kigeuzi: anachukua namba anazitoa kama wimbi la umeme la kupeleka kwenye spika, au anachukua wimbi la umeme analiandika kwa namba. Madukani utasikia wanamwita DAC, au kadi ya sauti ya nje. Kila simu na kila laptopu inaye ndani yake. Swali ni kwa nini mtu atake mwingine wa nje, na ilikuwaje akawa wa bei ambayo mwanafunzi anaimudu.

Sauti zilizopanda meli

Ukilitazama neno "kigeuzi" kwa upana, yaani mashine yoyote inayoitoa sauti kwenye umbo moja na kuiweka kwenye jingine, basi historia yake kwetu ni historia ya safari. Siti binti Saad aliporekodi mwaka 1928, mashine haikuwa Zanzibar. Ilimbidi avuke Bahari ya Hindi hadi Bombay, ambako mafundi wa His Master's Voice waliigeuza sauti yake kuwa mfereji mwembamba kwenye nta, na kutoka kwenye nta zikatengenezwa santuri. Zilirudi zikiwa bidhaa, zikauzwa kwa wenye gramafoni. Sauti ni ya hapa, mashine iko kwingine.

Miaka mingi baadaye mambo hayakuwa yamebadilika sana. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki Arusha, kisha wakahamia Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Nairobi ndiko kulikokuwa na kampuni za santuri. Huku kwetu ukiacha studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi haikuwa na mlango mwingi wa kugonga.

Moshi yenyewe ina kisa chake, na mimi nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua Addis Ababa kituo kikubwa cha masafa mafupi kilichojulikana kwa Kiswahili kama Sauti ya Injili. Kilikuwa na studio katika nchi mbalimbali, mojawapo hapa Moshi. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi kwenye kanda kubwa za magurudumu, kanda zikasafirishwa Ethiopia, huko zikarushwa hewani, mawimbi yakagonga tabaka la juu la angahewa na kurudi chini. Mtu wa Machame mwenye redio ya masafa mafupi akaisikia sauti iliyorekodiwa mji wa jirani tu, baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Machi 1977 serikali ya Derg ikakitwaa kituo kile. Mwezi mmoja kabla yake mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo mwaka ule milango miwili ya sauti, wa Addis na wa Nairobi, ilifungwa karibu kwa wakati mmoja. Leo Sauti ya Injili ni redio ya FM ya hapa hapa Moshi, na mitambo yake haihitaji kupanda ndege.

Lakini mwaka huo huo wa 1963 kulitokea jambo jingine dogo kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Philips walionyesha kaseti. Kanda yenye upana wa milimita 3.81, inayotembea sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati kanda za studio zilitembea sentimita 19 au 38. Kwa ubora ilikuwa hatua kubwa ya kurudi nyuma: kanda ikiwa nyembamba na ya polepole, inakuwa na mvumo zaidi na inapoteza sauti nyembamba. Faida yake ilikuwa moja tu. Iliweza kukaa Uru, mezani kwa babu, na yeye akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfongo na kijiti

Tuje kwenye namba. Wapare na Wachaga wenzangu wanajua mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlimani vihambani. Tuseme umepewa kazi ya kumweleza mtu aliye mbali jinsi maji ya mfongo yanavyopanda na kushuka mchana kutwa. Unaweza kuchora mstari. Ila mchoro ukinakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, mkono unatetemeka, wino unavuja, na wa mwisho anapata kitu kingine kabisa. Au unaweza kuchomeka kijiti chenye alama, ukakisoma kila dakika, ukaandika namba: 14, 15, 15, 17. Namba hazitetemeki. Hata zikinakiliwa mara elfu, 17 ni 17.

Aliyeona hivyo kwa upande wa sauti ni mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, mwaka 1937 akifanya kazi Paris. Tatizo lake lilikuwa simu za masafa marefu: kila kituo kilichokuza sauti kilikuza na kelele zake. Akapendekeza sauti ipimwe maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo kipelekwe kama namba. Wazo lilikuwa sahihi ila lilikuja mapema mno, kwa sababu enzi za valvu mashine kama hiyo ilikuwa ghali kupita kiasi. Waliokuja kulipa gharama ni wanajeshi. Mwaka 1943 Marekani na Uingereza zilianza kutumia SIGSALY, mtambo wa simu ya siri wa tani zipatazo 50 uliogeuza maongezi kuwa namba na kuzificha. Wa London ulikaa kwenye ghorofa ya chini ya duka la Selfridges. Na ufunguo wa siri ulihifadhiwa kwenye nini? Kwenye santuri. Pande mbili za bahari zilicheza santuri zinazofanana kwa wakati mmoja, zenye kelele tupu. Kila nikifikiria hili nacheka.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: kati ya kipimo na kipimo si kuna kitu kinapotea? Harry Nyquist alitoa msingi wa jibu mwaka 1928 (ndiyo, mwaka ule ule wa Siti kwenda Bombay), Vladimir Kotelnikov akaliweka kwa sauti na redio mwaka 1933, Claude Shannon akalithibitisha kwa upana mwaka 1949. Jibu ni hapana, kwa sharti moja. Ukihakikisha kwamba maji hayawezi kupanda na kushuka haraka kuliko nusu ya kasi ya vipimo vyako, basi kuna mstari mmoja tu unaoweza kupita kwenye vipimo vyote. Mmoja. Kigeuzi hakibahatishi kilichokuwa katikati, kinakirejesha. Ile michoro ya sauti ya kidijitali yenye ngazi ngazi unayoiona kwenye matangazo inapotosha: sauti inayotoka kwenye tundu la kigeuzi kizuri ni laini kama iliyoingia.

Sikio la kijana linafika kama hezi 20,000, la mjomba halifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo vipimo zaidi ya 40,000 kwa sekunde vinatosha binadamu yeyote. Upande wa pili ni alama za kwenye kijiti. Biti 16 zinatoa alama 65,536, na kwa kuwa kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, unapata kama desibeli 96. Kaseti ya kawaida haivuki sana desibeli 50 au 60. Yaani sauti ya babu ingetosha kwenye biti 10 na chenji ikabaki. Mtu akikwambia ununue kifaa cha biti 32 ili kuokoa kaseti za kwaya ya usharika, anataka hela yako.

Namba iliyozaliwa kwenye televisheni

CD ilipoingia sokoni Japani Oktoba 1982, vipimo vyake vilikuwa 44,100 kwa sekunde. Kwa nini siyo 40,000 au 50,000? Kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na chombo cha kubebea namba nyingi kiasi hicho isipokuwa kanda za video. Wahandisi waliziweka namba za sauti kwenye mistari ya picha ya televisheni: vipimo 3 kwa kila mstari, mistari 245 yenye kutumika, mara 60 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Kwa mfumo wa Ulaya ni 3 mara 294 mara 50, na jibu ni lile lile.

Huku kwetu lakini televisheni ilikuwa marufuku. Kompyuta nayo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za serikali zilizopitia kwenye mashine zikavurugika vibaya, wakarudi kwenye daftari na kalamu, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Tafsiri za amri ile ni nyingi. Wapo wanaoiona kama kiburi cha kuogopa teknolojia, na wapo wanaokumbusha kwamba fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu na nchi ilishaungua mara moja. Mimi nawaelewa wa pili, ingawa gharama yake haikuwa ndogo. Amri ililegezwa kidogo kidogo na kufikia miaka ya 1990 haikuwa na nguvu tena. Ndiyo maana kizazi cha wazazi wetu kiliruka hatua nzima: kutoka kaseti moja kwa moja hadi kwenye CD za kuchomwa na nyimbo za MP3, bila kupitia miaka ile ya kati ambapo wenzetu walikuwa wanagombana juu ya kigeuzi kipi ni bora.

Nao waligombana kweli. Vigeuzi vya mwanzo vya Philips vilikuwa vya biti 14 tu, kwa sababu chipu ya biti 16 iliyo sahihi ilikuwa ngumu kutengeneza. Wakapata ujanja: kuongeza idadi ya vipimo mara nne kwa hesabu kabla ya kugeuza, kisha kuzisambaza kelele za makosa mbali na masikio. Kwa hesabu hizo biti 14 zikafanya kazi ya 16. Ujanja huo ndio uliokuja kuvishusha bei vigeuzi, kwani kinachohitaji usahihi wa sonara kiliondolewa kwenye chuma kikahamishiwa kwenye hesabu, na hesabu kwenye chipu kila mwaka inakuwa rahisi.

Kutoka ndani ya boksi

Kompyuta za mezani za mwanzo zilijua kulia "pii" tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa kadi ya Sound Blaster, biti 8, spika moja, ubora wa simu iliyochangamka. Mwaka 1992 ikafuata ya biti 16. Kwenye karatasi ilikuwa sawa na CD. Ila ilichomekwa ndani ya boksi la kompyuta, jirani na diski inayozunguka, feni, na mkondo wa umeme unaowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kuanzia 1997 Intel walipoweka kanuni za kuibandika chipu ya sauti kwenye bodi kuu yenyewe, bei ilishuka hadi karibu na bure na ujirani ukazidi kuwa mbaya. Wale mbu niliowasikia nikisogeza kipanya ni hao: umeme wa kazi za kompyuta unaovuja kuingia kwenye njia ya sauti.

Dawa yake ni ya kijinga kwa urahisi. Mtoe mkalimani nje ya chumba cha kelele. Mlango wa USB ulianza 1996, na kufikia 1998 ulikuwa na kanuni ya kupitisha sauti kama namba, kifurushi kimoja kila sehemu ya elfu ya sekunde. Namba hazisikii kelele za jirani, 17 ni 17. Zinatoka nje ya boksi zikiwa salama, zinageuzwa kule nje. Burr-Brown, ambayo baadaye ilinunuliwa na Texas Instruments, ikatengeneza chipu ndogo zinazofanya kazi yote hiyo kwa volti 5 za USB yenyewe. Moja ya chipu hizo, PCM2902, iko ndani ya kisanduku kidogo cha Behringer kinachoitwa UCA202, biti 16, hadi vipimo 48,000 kwa sekunde, matundu ya kuingiza sauti na ya kutoa. Huko nje kimeuzwa chini ya dola 40. Ndicho nilichoagiza Dar, kikanifikia stendi ya Moshi kwa basi.

Hapa lazima nimtaje mtu asiye na jina. Mwaka 2011 mwandishi mmoja aliyejiita NwAvGuy alianza kupima vifaa vya sauti kwa mashine za maabara na kuchapisha matokeo, akiwakera sana watengenezaji waliouza kwa sifa. Alipoambiwa kama ni rahisi basi atengeneze chake, alitengeneza: kikuza sauti cha hedifoni kilichoitwa O2, michoro akaiweka wazi kwa yeyote, na mwaka 2012 ukafuata kigeuzi, ODAC. Mwaka huo huo akatoweka, na hadi leo hajulikani ni nani. Alichokiacha ni mazoea ya watu kuuliza vipimo kabla ya kuuliza bei. Ndiyo maana kigeuzi kidogo cha Apple cha dola 9, kile kiwaya cha kuunganisha hedifoni kwenye simu isiyo na tundu, kilipopimwa na watu kilionekana kushindana na masanduku ya mamia ya dola. Kwenye laptopu kinafanya kazi vizuri. Kwenye simu nyingi za Android kinatoa sauti ndogo, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.

Na tahadhari nyingine ya mtaani. Viwaya vya aina hiyo viko vya namna mbili na kwa macho havitofautiani. Kimoja kina chipu ndani. Kingine ni waya mtupu unaotegemea kigeuzi cha simu, na ukikichomeka kwenye laptopu hakuna kitakachotokea. Mimi nilinunua cha pili kwa shilingi 5,000, na muuzaji akaniapia kwa mama yake. Chomeka dukani, kama kompyuta haikionyeshi kwenye orodha ya vifaa vya sauti, mrudishie.

Je, cha dola 500 hakisikiki vizuri zaidi? Moshi ndio mji wa kuulizia swali hili, maana makao ya Bodi ya Kahawa yako hapa na waonjaji wapo. Mwonjaji wa kweli hataki kuambiwa kahawa ya nani kabla hajaionja. Akishajua, ulimi unaanza kudanganya. Masikio ni hivyo hivyo. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha jaribio lao: wasikilizaji walisikia rekodi za ubora wa juu kuliko CD, kisha sauti ile ile ikipitishwa kwenye kigeuzi cha biti 16 na vipimo 44,100, bila kujua ipi ni ipi. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Ungerusha shilingi ungepata karibu hivyo hivyo. Hii haina maana kwamba vifaa vyote ni sawa. Spika na hedifoni zinatofautiana kama mbingu na ardhi, hela yako ipeleke huko. Na wimbo uliokwisha kubanwa na kutumwa WhatsApp mara tano, hakuna kigeuzi duniani kitakachorudisha kilichotupwa.

Usiku umeme ulipokatika

Nilipanda tena Uru na kisanduku changu. Nikaunganisha. Mbu wakaondoka palepale, nikafurahi. Mngurumo ukabaki pale pale.

Hapo ndipo ile nusu nyingine. Mngurumo ule ulikuwa wa hezi 50, umeme wa gridi wenyewe. Redio ilikuwa kwenye soketi moja, chaja ya laptopu kwenye nyingine, na waya wa ardhini wa nyumba ile, ule mafundi wanaouita ethi, sina hakika kama unafika ardhini. Umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kupitia waya wangu wa sauti. Kigeuzi cha nje hakiwezi kulizuia hilo, hata kiwe cha dhahabu. Nilichomoa chaja, mngurumo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini uliobaki je, ulikuwa wa redio au ulirekodiwa na kanda tangu siku ile? Nikamuuliza mjomba umeme uliingia lini kwenye nyumba ya babu.

"Umeme? Babu yako alikufa na kandili."

Basi kanda ilikuwa safi. Redio ya babu ilitumia betri. Usiku ule umeme ukakatika wenyewe, kama kawaida, na mjomba akamtuma mtoto dukani kuleta betri nne kubwa. Redio kwenye betri, laptopu kwenye betri, kisanduku kinakula volti 5 za laptopu, tochi ya simu juu ya meza. Nikafuta kichwa cha kanda kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka ya kahawia. Mngurumo haukuwepo kabisa. Ilibaki babu, na mvua ya mwaka ule ikipiga bati.

Namba bado ilikuwa imefifia. Irabu zilisikika, konsonanti hazikusikika, na konsonanti ndizo zinazotofautisha neno na neno. Nazo ziko kwenye mawimbi ya juu, hezi elfu mbili hadi elfu nane huko, ambayo ndiyo ya kwanza kupotea pale kichwa cha redio kinapoinama tofauti na kichwa cha redio iliyorekodi. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Nikaizungusha robo kwa robo kwa bisibisi ya saa huku nikisikiliza ile mvua, mpaka matone yakaanza kusikika moja moja. Nikarudisha kanda nyuma.

Mjomba siku zote alisema thelathini. Babu alisema ishirini.

Aliniomba niirudie. Nikairudia mara tatu. Mara ya tatu hakunitazama, akamimina mbege akanywa taratibu, nje giza tupu hadi Kibosho. Kisha akauliza kama sauti ile inaweza kuingia kwenye flashi, maana kesho yake Jumapili atamwona mdogo wake baada ya ibada. Pande zote mbili za kanda, bila kubana chochote, zilikuwa megabaiti 635. Flashi ilikuwa na nafasi.